Mtoto Mwenye Usonji Katika Darasa la Kawaida

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano, mahusiano na namna mtoto anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Hausababishwi na malezi mabaya wala uchawi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma katika shule ya kawaida.

Katika shule kama za Sanje, bonde la Kilombero, mvua ya masika ipigapo bati, kelele huweza kumzidi mtoto. Huziba masikio, hulia au hukimbia nje. Huo si utovu wa nidhamu, na viboko humwongezea hofu tu. Mwalimu amketishe mbali na mlango, ampe agizo moja moja kwa maneno machache, amchoree ratiba ya siku kwa picha, na amjulishe kabla kengele haijalia.

Mhudumu wa afya ahakikishe mtoto amepimwa usikivu, maana asiyesikia huweza kudhaniwa ana usonji. Aulize pia kuhusu kifafa, ambacho huwapata watoto wenye usonji zaidi ya wenzao. Mzazi naye aeleze kinachomtuliza mwanawe. Watatu hao wakutane kila muhula, wapime kilichosaidia na kilichoshindikana.