Jua Haki Zako: Kabla fidla haijatoka kwenye kasha

Ni Jumamosi, saa nne asubuhi, kwenye bustani ya harusi huko Karen. Kwateti ya nyuzi, yaani fidla mbili, viola na chelo, imeitwa kupiga kwa saa mbili. Bibi harusi anachelewa. Wapigaji wanaombwa wasubiri kidogo, baadaye wapige wageni wakila, kisha wapige tena wakati wa picha. Saa tisa alasiri msimamizi wa harusi anawatumia nusu ya pesa kwa M-Pesa na kuahidi kwamba iliyobaki itafika wiki ijayo. Haifiki.

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wanamuziki ni hili: "Hatukutia saini popote, tuna kesi kweli?" Mnayo. Sheria ya Kenya hailazimishi makubaliano ya kupiga muziki yaandikwe. Mteja akikuuliza bei, ukamtajia, naye akakubali, mkataba umeshafungika hata kama mlizungumza kwa simu tu. Shida huja pale unapotakiwa kuthibitisha mlichokubaliana.

Kwa hiyo kila baada ya simu, tuma meseji siku hiyo hiyo: "Habari ya jioni, mama. Kama tulivyoelewana, tutakuja wapigaji wanne Jumamosi tarehe 14, kuanzia saa nne hadi saa sita, kwa shilingi 60,000. Kila nusu saa ya ziada ni shilingi 8,000. Tafadhali nijibu kama ndivyo." Jibu la "Sawa" kwenye WhatsApp linatosha kuonyesha makubaliano. Usiifute meseji hiyo, na ukibadilisha simu ihamishe.

Arubuni, ambayo wengi mjini huiita dipoziti, ina siri yake. Kisheria, pesa iliyotolewa ili kumfunga mteja asighairi ni tofauti na sehemu tu ya malipo iliyotangulia. Ya kwanza unaweza kubaki nayo mteja akijiondoa. Ya pili anaweza kuidai. Basi iite kwa jina lake: "Arubuni, hairudishwi mteja akighairi." Kiasi kiwe cha haki, na msisahau kwamba nyinyi mkikosa kufika mtairudisha, na huenda mkadaiwa hasara pia.

Andikeni pia habari ya kivuli. Naisisitiza hii kwa sababu inaniuma kuona chelo imewekwa juani. Mbao za ala hizi huunganishwa kwa gundi ya wanyama, inayolegea kwa joto, na ala ikiachia viungo fundi atadai pesa nyingi kuliko mliyolipwa. Semeni wazi kwamba hamtapiga mvuani wala kwenye jua kali, na kwamba mkikosa kivuli mtasimamisha muziki bila kupoteza malipo.

Sasa video. Mteja kulipia muziki wa harusi hakumaanishi amenunua kila matumizi yake. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inampa mwanamuziki haki ya kuruhusu au kukataa upigaji wake urekodiwe, unakiliwe na kutangazwa, na haki hiyo hudumu miaka 50. Familia kubaki na kumbukumbu ya harusi yao ni jambo la kawaida. Hoteli kuchukua dakika mbili za kwateti yenu ikatengeneza tangazo la kuuzia kumbi zake ni jambo jingine, na mna haki ya kudai idhini na malipo. Mstari mmoja kwenye meseji unatosha: "Video ni ya familia. Matangazo ya biashara tukubaliane kwanza."

Kuhusu nyimbo zenyewe, hakimiliki ya Kenya hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Dvořák, aliyefariki mwaka 1904, hana shida. Shostakovich, aliyefariki mwaka 1975, miaka yake ilihesabiwa hadi mwisho wa 2025. Lakini kuuchukua wimbo wa msanii wa leo na kuupangia nyuzi nne kunahitaji idhini ya mwenye wimbo. Ukiipata, mpangilio wako nao una hakimiliki yake, nayo ni yako.

Kundi lenyewe je? Watu wanne wanaofanya biashara pamoja wakitafuta faida ni washirika mbele ya sheria, hata kama hawajaandika neno. Msipoamua vinginevyo mnagawana sawa, na deni la mmoja alilolichukua kwa kazi ya kundi linawafikia wote. Kaeni siku moja kabla ya ugomvi mwandike: anayebeba jina la kundi mmoja wenu akitoka, anayelipia usafiri wa chelo, na mtakavyomlipa mpigaji wa kushikiza.

Na ile nusu ya pesa isiyofika? Tuma barua ya madai, taja kiasi, weka siku ya mwisho. Ikipita, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hizi zilianza Milimani mwaka 2021, zinasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inazitaka ziamue ndani ya siku 60 tangu kesi kufunguliwa. Wakili si lazima. Mwamuzi habanwi kikamilifu na kanuni za ushahidi zinazotumika mahakama nyingine, kwa hiyo nenda na meseji za WhatsApp, ujumbe wa M-Pesa wa ile nusu iliyolipwa na ratiba ya harusi iliyochapishwa. Hata kama mwaka umepita, madai ya mkataba yana muda wa miaka 6. Ila msimamizi wa harusi aliyebadilisha namba ya simu ni mgumu kumpata, kwa hiyo andika jina lake kamili na mahali anapofanyia kazi siku ile ile anapokuletea arubuni.