Kabla ya Kusema "Huyu Hatapona": Kumpima Majeruhi wa Vita

Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, majeruhi walifurika katika hospitali ya CBCA Ndosho. Tangu mwaka 2012 timu ya upasuaji ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imekuwa ikifanya kazi hapo bega kwa bega na wauguzi na madaktari wenyeji. Vitanda viliisha, watu wakalazwa sakafuni. Kila aliyefika alikuwa amepitia kwanza mikononi mwa mtu mwingine: jirani, dereva wa pikipiki, muuguzi wa kituo cha afya, mhudumu wa kujitolea. Mara nyingi huyo ndiye aliyeamua nani abebwe kwanza na nani asubiri, hata kama hakujua kwamba anaamua.

Mwongozo huu ni wake. Unamwonyesha la kutazama, na kwa mpangilio gani, kabla hajamkatia tamaa mtu aliyeraruliwa na risasi, kombora au bomu la kutegwa ardhini. Hauchukui nafasi ya mafunzo.

Jambo moja litangulie. Jeraha peke yake haliamui kama mtu ataishi. Risasi iliyokata mshipa mkubwa wa paja huua ndani ya dakika chache pale ambapo hakuna ajuaye kubana, lakini mwingine mwenye jeraha la namna hiyo hiyo hutibiwa akarudi nyumbani. Madaktari wa jeshi la Marekani walipitia vifo 4,596 vya askari wao vilivyotokana na vita vya Iraq na Afghanistan kati ya 2001 na 2011, na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Asilimia 87 ya waliokufa hawakufika hospitalini. Miongoni mwa hao ambao hawakufika, karibu robo walikuwa na majeraha ambayo mtu angeweza kupona. Na katika robo hiyo, 9 kati ya kila 10 waliuawa na damu iliyomwagika. Hayo ni ya jeshi tajiri, lenye helikopta na waganga waliofunzwa. Huku Kivu, eneo ulipo mji wa Goma, ambako majeruhi hubebwa kwa machela ya miti, sioni sababu ya kuamini kwamba wanaokufa bure ni wachache zaidi.

Hatua ya 1: Fika ukiwa salama

Risasi zikiwa bado zinalia, mwite majeruhi ajisogeze mwenyewe penye kinga au abane jeraha lake kwa mkono. Akijibu, tayari umejua mengi: anapumua, ana fahamu, damu bado inafika kwenye ubongo. Palipolipuka bomu panaweza kuwa na jingine, kwa hiyo pita pale ambapo wengine wamepita. Usiguse silaha wala chuma usichokijua.

Hatua ya 2: Tafuta damu kwanza

Tazama nguo zilizolowa na ardhi iliyo chini yake. Pitisha mikono mgongoni, kwapani, kinenani na katikati ya mapaja, kisha uitazame mikono yako. Chana nguo pale unapotilia shaka, maana koti zito hunyonya damu nyingi bila kuonyesha kitu.

Mguu uliokatika hutisha kuliko jeraha lolote, na watu hupiga kelele kwamba mwenye nao amekwisha. Wanakosea. Mguu na mkono ni sehemu ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzuia damu kwa mikono yake na kitambaa. Funga mkanda mpana upande wa juu wa jeraha, kuelekea kiwiliwili, ukiacha upana wa vidole vinne, wala usiufunge kwenye goti au kiwiko chenyewe. Pitisha kijiti imara na uzungushe mpaka damu ikome kabisa. Ataumia sana, na maumivu hayo hayamaanishi kwamba umekosea. Usitumie waya wala kamba nyembamba, kwa sababu hukata nyama na bado damu ikatoka. Andika saa uliyofunga, kwenye paji la uso wake ikibidi. Usilegeze kila baada ya muda "ili mguu upumue". Desturi hiyo imewaua watu kidogo kidogo. Katika saa 2 za mwanzo hatari ya kuupoteza mguu kwa sababu ya mkanda ni ndogo. Zikipita, uamuzi wa kuufungua ni wa mtu aliyefunzwa.

Mwaka 2006, katika hospitali ya kijeshi ya Marekani mjini Baghdad, madaktari waliwafuatilia waliofungwa mikanda hiyo. Waliofungwa kabla ya kuingia katika mshtuko wa kupungukiwa damu, 9 kati ya 10 walipona. Waliofungwa baada ya mshtuko kuanza, aliokoka 1 kati ya 10. Kama unataka kujua kwa nini hatua hii inatangulia zote, hesabu hiyo inatosha.

Kinena, kwapa na shingo havifungiki mkanda. Hapo sukuma kitambaa safi ndani ya shimo lenyewe mpaka lijae, kisha kandamiza kwa uzito wa mwili wako kwa dakika 10 bila kuchungulia. Tumbo na kifua usivijaze kitambaa. Damu inayovuja humo huzuiwa na mpasuaji.

Hatua ya 3: Sikiliza pumzi

Anayeongea kwa sauti ya kawaida ana njia ya hewa iliyo wazi. Anayekoroma au kutoa mlio wa maji kooni yuko hatarini sasa hivi: mlaze ubavu, toa damu, meno au uchafu unaouona kinywani.

Aliyepigwa risasi usoni hutisha sana kumtazama, kumbe wengi wao hupona wakiachwa wapumue. Mara nyingi atajitahidi kuketi na kuinamia mbele ili damu idondoke nje. Mwache akae hivyo. Kumlaza chali kwa nguvu, kwa huruma tu, ni kumzamisha katika damu yake.

Hatua ya 4: Pima mshtuko

Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono usiojeruhiwa, upande wa kidole gumba. Mapigo yakisikika vizuri na mtu akakujibu sawasawa, damu bado inatosha. Mapigo yakiwa ya mbio na dhaifu, au hayasikiki kabisa pale kifundoni, huku ngozi ikiwa baridi na yenye jasho, amepoteza nyingi. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu. Kifua na tumbo vinaweza kuficha lita kadhaa bila tone kuonekana nje.

Mpimaji asiyejua huwaona vijana imara kuwa salama. Mwili wa kijana huvumilia, mapigo yanakimbia, anaongea, kisha huanguka ghafla. Kwa hiyo anayeanza kuhangaika, kuongea ovyo au kuomba maji bila kukoma asikemewe kwamba ni mwoga. Ubongo wake unapungukiwa damu. Mfunike hata kama kuna jua, kwa sababu mwili ukipoa damu hukosa kuganda, na isipoganda huzidi kutoka.

Hatua ya 5: Soma mahali lilipo jeraha

Hapa ndipo macho yanapodanganya zaidi. Tundu dogo kama tundu la kifungo, chini ya kwapa, laweza kuwa hatari kuliko kiganja kilichosagwa. Tafuta tundu la kuingilia na la kutokea, fikiria mstari kati ya matundu hayo, ingawa risasi hupinda na kuvunjika mwilini. Usipoona la kutokea, hesabu kwamba risasi imo ndani.

Kifua: Wengi wanaofika hospitalini wakiwa hai na tundu kifuani hawahitaji kupasuliwa kifua, huhitaji mrija wa kutoa hewa na damu. Tundu linalovuta hewa lifunike kwa plastiki safi. Pumzi ikizidi kuwa ngumu baada ya kufunika, inua plastiki hiyo hewa itoke.

Tumbo: Utumbo uliotoka nje si hukumu ya kifo. Usiurudishe ndani. Ufunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi, juu yake plastiki, na usimpe chakula. Kinachoua mapema tumboni ni ini, wengu au mshipa mkubwa uliopasuka. Kinachoua baadaye, kwa siku, ni uchafu wa utumbo uliotobolewa. Anayevuja damu ana dakika au saa chache, na dalili za Hatua ya 4 ndizo zinazomtenganisha na yule aliyetobolewa utumbo tu.

Kichwa: Anayefumbua macho, kuongea au kutii amri ana nafasi nzuri, hata kama fuvu limechanika. Dalili mbaya ni tatu zikiwa pamoja: hajibu hata akiumizwa, mboni zote mbili zimepanuka na hazisinyai kwa mwanga, na risasi imevuka kutoka upande mmoja wa ubongo hadi mwingine. Lakini usitoe uamuzi huo kabla ya kuzuia damu na kufungua njia ya hewa. Aliyepungukiwa damu pia huzimia, na huyo anaokoleka.

Moto: Kiganja cha majeruhi pamoja na vidole vyake ni takribani asilimia 1 ya ngozi yake. Hesabu viganja. Moto mzito ukipita nusu ya mwili, mahali pasipo na wodi maalumu ya majeraha ya moto, wachache huokoka, na wazee huelemewa hata na pungufu ya hapo. Aliyeungua vibaya anaweza kuwa mtulivu na mwenye akili timamu saa za mwanzo. Utulivu huo usikupotoshe.

Hatua ya 6: Hesabu barabara

Juni 2009 Robert Gates, Waziri wa Ulinzi wa Marekani, aliagiza kwamba majeruhi mahututi nchini Afghanistan wafikishwe hospitalini ndani ya dakika 60. Muda wa kawaida ukashuka kutoka dakika 90 hadi 43, na vifo vikapungua. Wewe huna helikopta, lakini swali lako ni lile lile: mpasuaji yuko umbali gani kwa saa, kwa barabara hii, leo, na vizuizi hivi? Mwenye tumbo linalovuja damu na mpasuaji aliye dakika 40 mbali ni mtu wa kukimbizwa kabla ya wengine wote. Mtu huyo huyo, safari ikiwa siku mbili, pengine hatafika. Uliza pia kama huko mnakokwenda kuna damu ya kuongezewa na asidi ya traneksamiki, dawa ya bei nafuu inayopunguza vifo vya kuvuja damu ikiwa imetolewa ndani ya saa 3 tangu kuumia. Simu moja kwa muuguzi wa zamu inaweza kubadilisha njia mtakayopita.

Hatua ya 7: Panga, kisha upange upya

Ukiwa na majeruhi mmoja, mpe kila kitu. Upangaji unaanza pale wanapokuzidi. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu hutumia makundi manne: wanaohitaji upasuaji mara moja na wana nafasi nzuri ya kuishi, wanaohitaji upasuaji lakini wanaweza kusubiri, wenye majeraha madogo, na wale walioumia kiasi kwamba, kwa uwezo uliopo, watapewa faraja tu. Dominique-Jean Larrey, daktari wa majeshi ya Napoleon, alishikilia kwamba aliyeumia zaidi atangulie bila kujali cheo. Mkataba wa kwanza wa Geneva wa 1949 umeliweka jambo hilo kuwa sheria: sababu za haraka za kitabibu pekee ndizo zinazoweza kumtanguliza majeruhi mmoja mbele ya mwingine. Sare, kabila, lugha na upande aliopigania havimo. Katika Kivu, ambako lafudhi tu inaweza kumponza mtu, msimamo huu unahitaji ujasiri, nami siuoni wa hiari.

Kundi la nne ndilo gumu. Aliyekufa waziwazi hayumo: kichwa kilichotengana na mwili, mwili uliokatika katikati, aliyekwisha kukakamaa. Na ambaye moyo wake umesimama kwa majeraha, huku wengine wanavuja damu pembeni, kumkandamiza kifua kutawaua hao wengine. Kundi la nne ni walio hai. Wana maumivu, wanasikia, huenda wanajua. Dawa ya maumivu ikiwepo na pakiwa na wa kuitoa, wapewe. Awepo mtu wa kuwashika mkono, kuwauliza jina na kuwaitia padri, mchungaji au shehe. Kisha uwarudie. Msongamano ukipungua, gari jingine likifika au daktari wa pili akiingia, aliyekuwa wa nne asubuhi anaweza kuwa wa kwanza mchana. Kumwacha bila kumpima tena ni kosa kubwa kuliko kumpanga vibaya mara ya kwanza.

Kila anayeondoka aende na karatasi, au maandishi kwenye ngozi: saa aliyoumia, aina ya silaha kama inajulikana, majeraha uliyoyaona, mapigo na fahamu zilivyokuwa, ulichofanya na saa uliyokifanya. Mpasuaji atakayempokea hakuwepo, na ataanzia pale ulipoishia.

Kama unaishi karibu na mapigano, nenda kwenye tawi la Msalaba Mwekundu lililo karibu nawe uombe mafunzo ya huduma ya kwanza, ufanye mazoezi ya kufunga mkanda kwenye paja la ndugu yako aliye mzima, gizani na kwa haraka. Weka nyumbani kitambaa kipana, kijiti imara, plastiki safi na kalamu ya wino usiofutika. Anza leo, kabla ya bunduki kulia.