Mpira wa rotuli umepasuka

Rotuli ni kiungo cha gurudumu, kama nyonga ya mtu. Mpira wake unashika gresi na kuzuia vumbi. Ukipasuka, mchanga unaila rotuli, na siku moja gurudumu linalala njiani.

Kabla ya kubadilisha mpira, zuia magurudumu, weka gari juu ya tegemeo imara: kriki peke yake haitoshi. Vaa miwani, kwani nyundo inarusha vipande vya chuma. Pangusa gresi ya zamani yote. Rotuli ikicheza, badilisha yote.

Pampu ya gresi ikichoma kidole, tundu ni dogo lakini gresi imepenya nyamani. Usikamue. Mama, umwambie baba aende hospitali sasa hivi, hata kama haumwi: kesho anaweza kupoteza kidole.