Tuzime masasisho ya Windows ofisini?

Swali: Ofisi yetu ina kompyuta 60. Masasisho yakianza kushuka, intaneti inakwama na kazi zinasimama. Tuyazime?

Jibu: Msithubutu. Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba ufa ambao kirusi cha WannaCry kiliupitia Mei mwaka huohuo. Waliochelewa, zikiwamo hospitali za Uingereza, walifungiwa mafaili yao.

Kinachowakwamisha ni kila kompyuta kupakua mzigo uleule peke yake. Hakikisheni kipengele cha Windows kiitwacho Delivery Optimization kimewashwa, ili iliyokwisha kupakua izigawie nyingine kupitia mtandao wa ndani. Programu ya WSUS nayo hufanya kazi hiyo kwenye seva, ila mwaka 2024 Microsoft ilitangaza kwamba haitaiongezea kipya, kwa hiyo nisingeanza nayo leo.

Masasisho ya usalama hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi. Yajaribuni kwanza kwenye kompyuta tano za idara tofauti, ya mhasibu ikiwamo, maana programu za uhasibu na printa ndizo hugoma mapema. Zikipita siku chache kwa amani, wapelekeeni wote, na kuwasha upya kupangwe usiku. Siku hiyo mtu asizime swichi ya ukutani. Kompyuta ya bosi pia isirukwe. Hiyo ndiyo huahirishwa miezi kwa miezi.