Lugha Katika Mafunzo ya Mtaalamu wa Saratani: Funzo Kutoka Kampala

Utangulizi

Utafiti wa saratani aghalabu huchukuliwa kuwa uwanja wa wanasayansi peke yao. Mwanafunzi wa Kiswahili huupita kando kana kwamba haumhusu. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa mtazamo huo ni finyu. Kwa kurejelea historia ya utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Mulago, Kampala, yanajadili jinsi mtaalamu wa saratani anavyopatikana, na nafasi ya lugha katika mafunzo yake.

Asili ya istilahi

Wazungumzaji wengi hutumia maneno mawili, saratani na kansa, na baadhi ya wasomi hubishana kuhusu lipi lifaalo zaidi. Saratani ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Kansa limetufikia kupitia Kiingereza kutoka Kilatini, na huko nako maana yake ni kaa. Waganga wa Uyunani ya kale ndio walioupa ugonjwa huu jina hilo. Kwa hivyo maneno hayo mawili yamebeba taswira moja iliyotufikia kwa njia mbili.

Utafiti ulioanza kwa kutazama na kuuliza

Mnamo mwaka wa 1957, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland, aliitwa katika wodi ya Mulago kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote. Wiki chache baadaye alimwona mtoto mwingine mjini Jinja mwenye dalili zizo hizo. Alianza kuchunguza kumbukumbu za hospitali, na mwaka wa 1958 akachapisha maelezo ya ugonjwa ambao sasa unajulikana kwa jina lake.

Burkitt hakuwa na fedha nyingi wala mitambo. Alituma karatasi zenye picha na maswali kwa hospitali nyingi barani Afrika. Mwaka wa 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, mwendo wa takriban kilomita 16,000, wakiuliza ni wapi ugonjwa huo ulionekana na ni wapi haukuonekana. Ilibainika kuwa ulipatikana zaidi penye joto na mvua nyingi, yaani maeneo ya malaria. Vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege hadi London vilimwezesha Anthony Epstein na wenzake kutambua, mwaka wa 1964, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Hali kadhalika, madaktari wa Kampala na Nairobi walionyesha kuwa baadhi ya watoto hao waliweza kupona kwa dawa, bila kupasuliwa.

Mtaalamu hapatikani kwa siku moja

Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa mwaka wa 1967 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere na taasisi ya saratani ya Marekani. Wataalamu wa kigeni walipoondoka wakati wa utawala wa Idi Amin, uongozi ulimwangukia Charles Olweny, Mganda aliyekuwa amefunzwa hapo hapo. Aliendeleza matibabu na utafiti katika mazingira magumu mno. Hapa pana funzo: majengo na dawa vinaweza kutolewa na wafadhili, lakini wafadhili wakienda zao, kinachobaki ni mtu aliyefunzwa.

Mtu huyo naye ni adimu. Katika miaka ya 2000 ilifikia hatua ambapo Jackson Orem, mkurugenzi wa taasisi hiyo, alikuwa mtaalamu pekee wa tiba ya saratani nchini mwake. Tangu hapo, ushirikiano na kituo cha utafiti cha Fred Hutchinson, mjini Seattle, umewezesha madaktari wengine kufunzwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo imeiteua Uganda kuwa kituo chake cha umahiri wa elimu ya saratani. Safari ya mwanafunzi ni ndefu: shahada ya kwanza, mwaka wa mazoezi hospitalini, uzamili, kisha mafunzo ya ubingwa. Huchukua zaidi ya miaka 10.

Pengo la lugha

Katika miaka hiyo yote, mwanafunzi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, atakayemhudumia huenda ni mkulima au mchuuzi anayezungumza Kiswahili au lugha ya mama. Athari zake si ndogo. Mgonjwa akiambiwa kuwa matokeo yake ni "chanya", anaweza kurudi nyumbani akishukuru, kwa kuwa katika mazungumzo ya kawaida chanya ni jambo jema. Kumbe maabara imethibitisha ugonjwa. Vilevile, neno "uvimbe" hutumiwa kwa pigo la jiwe na kwa saratani. Asiyefafanuliwa tofauti hiyo atakanda kwa maji moto na kungoja, ilhali saratani haingoji.

Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii humlaumu mgonjwa. Lakini wakati mwingine maradhi hufichwa na lugha yenyewe, na hapo lawama haimhusu mgonjwa hata kidogo.

Baadhi ya istilahi zinatia moyo. "Tiba shufaa", inayorejelea huduma ya kumpunguzia maumivu mgonjwa na kumfariji, imejengwa juu ya neno lenye maana ya uombezi; msikilizaji huhisi kwamba hajatupwa.

Hitimisho

Imebainika kuwa utafiti mkubwa wa saratani katika eneo hili ulianza kwa mtu kutazama vizuri na kuuliza maswali yanayoeleweka. Ni vyema basi vyuo vya udaktari vifunze mawasiliano kwa Kiswahili, na idara za Kiswahili zishirikiane navyo kuunda istilahi na kuzijaribu kwa wagonjwa wenyewe kabla ya kuzichapisha. Istilahi isiyoeleweka na mgonjwa, hata iwe sanifu vipi, haijakamilisha kazi yake.