Presha na Umri: Kinachotokea Ndani ya Mshipa

Mkazi wa Kangemi mwenye miaka 65 akipimwa presha, mara nyingi namba ya juu huwa imepanda huku ya chini ikishuka. Sababu iko kwenye ukuta wa mshipa.

Ukuta huo una nyuzi za elastini zinazovutika na kurudi kama mpira. Mwili huzitengeneza zaidi kabla ya kuzaliwa na utotoni. Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na kila pigo huzivuta. Zinapokatika, kolajeni, ambayo ni ngumu, huchukua nafasi, na madini ya kalisi hujipenyeza. Mshipa mkuu ukikakamaa, damu hufika ubongoni na kwenye figo kwa kishindo ambacho mshipa laini ungekipunguza.

Wengi husema presha ni ya uzee tu. Sivyo. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison aliripoti kuwa wanaume aliowapima Kavirondo Kusini, Nyanza, hawakupanda presha walipozeeka. Utafiti uliochapishwa 1990 ulikuta Waluo waliohamia Nairobi wamepanda presha ndani ya miezi michache tu; mkojo wao ulikuwa na chumvi nyingi kuliko wa wenzao waliobaki mashambani.

Anayepata 140/90 au zaidi, siku mbili tofauti, amwone daktari hata kama hasikii maumivu.