Jina Hutokeaje Haraka Hivyo Unapotuma Pesa?

Umeingiza namba ya mama mboga, ukaandika shilingi 350, na kabla hujapepesa macho jina lake limetokea. Wateja hutuuliza: kati ya mamilioni ya namba, kompyuta inaipataje hiyo moja? Leo tujifunze njia moja maarufu: mti wa kutafutia.

Chukua namba 1 hadi 7. Weka 4 juu kabisa. Ndogo zikae kushoto, kubwa kulia. Kushoto weka 2, na chini yake 1 na 3. Kulia weka 6, na chini yake 5 na 7.

Sasa tafuta 7. Ni kubwa kuliko 4, nenda kulia. Ni kubwa kuliko 6, kulia tena. Hiyo hapo! Umeangalia namba tatu tu, kwa sababu kila hatua inaondoa karibu nusu ya zilizobaki.

Mti ukiegemea upande mmoja

Namba zikiingia kwa mfuatano, 1, 2, 3, 4, kila mpya inakaa kulia kwa ile iliyotangulia. Mti unageuka foleni. Foleni ikiwa ya namba milioni 1, kuifikia ya mwisho ni hatua milioni 1.

Mwaka 1962, Georgy Adelson-Velsky na Evgenii Landis wa Umoja wa Kisovieti walichapisha dawa yake. Sheria ni hii: popote kwenye mti, kimo cha upande wa kushoto na cha kulia kisipishane kwa zaidi ya ngazi moja. Kikipishana, mti unajisawazisha. Kwa mfano, 1, 2, 3 zikijipanga foleni, 2 inapanda juu, 1 inashuka kushoto, 3 inabaki kulia. Hakuna namba inayopotea.

Kwa sheria hiyo, mti wa namba milioni 1 hauzidi ngazi 28. Kutoka hatua milioni hadi 28!

Hii inakuhusu vipi?

Mti unatafuta namba uliyoandika, si mtu uliyemkusudia. Ukikosea tarakimu moja, na namba hiyo iwe ya mtu mwingine, utampata yeye kwa kasi ileile. Kompyuta haitashtuka. Wa kushtuka ni wewe.

Kwa hivyo, kabla ya kuweka PIN:

- Soma jina lote, usisome herufi za mwanzo tu.
- Jina likiwa geni, ghairi kwanza, kisha mpigie unayemtumia akuthibitishie.
- Ukishakosea, wasiliana nasi papo hapo. Ukichelewa, aliyepokea anaweza kuwa ameshatoa hizo pesa.

Kutafuta namba ni kazi ya mti. Kusoma jina ni kazi yako, na haichukui hata sekunde tano.